Pambo Limesawijika, Limeota Kutu au Limelegea: Utatuzi wa Matatizo ya Mapambo ya Metali Yaliyotengenezwa kwa Mkono

Malalamiko ya watu wanaomiliki mapambo yaliyotengenezwa kwa mkono hujirudia: hereni za fedha zimekuwa nyeusi, pete ya shaba imepaka kidole rangi ya kijani, bangili imeota kutu mahali metali mbili zinapokutana, kijiwe kinacheza. Karibu kila tatizo kati ya haya lina tiba, na tiba nyingi ni nyepesi. Ugumu unatokana na ukweli kwamba pambo la aina hii mara nyingi huunganishwa kwa metali mbili au tatu, pamoja na vijiwe, gundi na uzi, na dawa inayoifaa metali moja huiharibu nyingine iliyo kando yake. Kwa sababu hiyo mwongozo huu umepangwa kwa dalili, na chini ya kila dalili visababishi vinavyotokea mara nyingi vimetangulizwa, uchunguzi mwepesi ukija kabla ya matengenezo mazito.

## Kabla ya kusugua chochote, ijue metali uliyo nayo

Anza kwa kutafuta muhuri ndani ya pete, kwenye kifungo cha mkufu au nyuma ya hereni. Namba 925 inaonyesha kwamba katika kila sehemu 1,000 za metali hiyo, 925 ni fedha safi na zilizobaki kwa kawaida ni shaba nyekundu. Kwa dhahabu, 750 ni karati 18, 585 ni karati 14, na 375 ni karati 9. Pambo lililotengenezwa kwa mkono linaweza kuwa halina muhuri wowote, na hilo pekee si ushahidi wa udanganyifu. Katika hali hiyo sogeza sumaku karibu: dhahabu, fedha, shaba na alumini hazivutwi, kwa hiyo pambo likivutwa lina chuma au nikeli mahali fulani, ingawa mara nyingine kinachovutwa ni springi ndogo tu iliyomo ndani ya kifungo. Kisha chunguza kwa mwanga mzuri sehemu zinazosuguliwa sana, kama vile upande wa chini wa pete na kingo za bangili. Ukiona rangi ya hapo ni tofauti na ya kwingine, fahamu kwamba pambo limechovywa, yaani limepakwa tabaka jembamba la metali nyingine, na metali halisi iko chini.

Ikiwa fundi aliyelitengeneza anapatikana, muulize mambo manne: kama weusi ulio kwenye mabonde ya nakshi uliwekwa kwa makusudi, kama uso umepakwa vanishi, kama kijiwe kimeshikwa kwa gundi, na kama ametumia lehemu ya fedha au ile laini ya bati. Majibu hayo manne huokoa pambo kuliko dawa yoyote ya dukani.

Kanuni ninayoishikilia ni moja: pambo zima husafishwa kwa kiwango kinachovumiliwa na sehemu yake iliyo dhaifu kuliko zote. Mkufu wa fedha wenye tone moja la kaharabu husafishwa kama kaharabu. Kwa pambo lisilo na vijiwe dhaifu, osho la kwanza ni maji ya uvuguvugu, matone machache ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, na mswaki wenye nywele laini sana, yote yakifanyika ndani ya bakuli ili kipande kikidondoka kisipotee kwenye bomba la maji machafu. Lulu, marijani, feruzi, opali na kaharabu hazilowekwi. Hufutwa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo na kukaushwa papo hapo.

Onyo. Usitumie dawa ya meno, kwa sababu ina chembe za kusugulia zinazoikwaruza fedha na dhahabu, ambazo ni metali laini. Usitumie dawa ya kung'arishia nguo yenye klorini kwenye metali yoyote, na kamwe usiichanganye na siki wala limau, kwa kuwa mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini inayodhuru mapafu.

## Dalili: fedha imesawijika, imekuwa ya manjano, kahawia au nyeusi

Hili ndilo lalamiko linaloongoza, na habari njema ni kwamba mara nyingi fedha yenyewe haijaharibika. Weusi ule ni utando mwembamba wa salfidi ya fedha, unaotokea salfa iliyomo hewani au kwenye vitu vya jirani inapokutana na fedha. Utando huanza kwa rangi ya manjano hafifu, ukapita kahawia na bluu iliyoiva, ndipo ukawa mweusi. Kwa hiyo rangi inakueleza umri wa tatizo, na ukiliwahi likiwa bado manjano, kitambaa pekee kinatosha.

Kisababishi cha kwanza ni mahali pa kuhifadhia. Sufu, mpira na baadhi ya karatasi na kadibodi hutoa salfa, na fedha iliyofungwa kwa mpira wa kufungia noti hutoka ikiwa na mstari mweusi mahali mpira ulipopita. Cha pili ni jasho, losheni na manukato. Cha tatu ni chakula, hasa mayai na vitunguu, ambavyo vina salfa nyingi. Cha nne, ambacho watu hukisahau, ni kwamba weusi huo unaweza kuwa kazi ya fundi mwenyewe: ameuweka ili nakshi ionekane, na ukiuondoa utabaki na pambo lililopauka ambalo michoro yake haisomeki.

Uchunguzi wake ni huu: angalia weusi umekaa wapi. Ukiwa umetulia ndani ya mabonde ya nakshi tu huku miinuko iking'aa, huo ni wa makusudi. Uache, na ung'arishe miinuko pekee kwa kitambaa kilichozungushwa kwenye kidole. Ukiwa umesambaa kila mahali, pamoja na nyuma na ndani, huo ni wa kusawijika.

Osha kwanza kwa sabuni, ukaushe, kisha tumia kitambaa cha kung'arishia fedha, ukisugua kwa mwendo wa kwenda na kurudi badala ya kuzungusha, maana mizunguko huacha mikwaruzo inayoonekana. Kama haikutosha, na pambo ni la fedha tupu, lisilo na kijiwe, gundi, vanishi wala weusi wa makusudi, kuna njia ya karatasi ya alumini. Tandika karatasi hiyo ndani ya bakuli la kioo, weka pambo likiigusa, nyunyizia kijiko kikubwa kimoja cha soda ya kuokea kwa kila kikombe cha maji, kisha mimina maji ya moto. Salfa huiacha fedha na kuhamia kwenye alumini, na ndiyo maana husikika harufu ya yai bovu. Dakika chache zinatosha. Suuza na ukaushe kabisa. Ninaipenda njia hii kwa sababu haipunguzi fedha, tofauti na dawa za kusugulia ambazo kila mara hula kidogo cha uso.

Dawa za kuchovya ziuzwazo kwenye chupa hufanya kazi kwa sekunde, na hapo ndipo penye hatari yake. Huingia kwenye vitundu na nyufa, zikabaki humo zikiendelea kula, na nyingi zina tindikali kali. Sizipendekezi kwa pambo la mkono hata kidogo.

Acha na upeleke kwa sonara ukiona kuwa baada ya kung'arisha kuna kivuli cha kijivu chenye uzambarau kisichotoka. Weka pambo juu ya karatasi nyeupe, uligeuze polepole kwenye mwanga wa dirisha, na kivuli kitaonekana kama wingu lenye mpaka. Huo si uchafu. Wakati wa kulehemu, oksijeni iliingia ndani ya metali na kuishika shaba iliyochanganywa na fedha, kwa hiyo doa liko chini ya uso, na kuliondoa kunahitaji tupa na msasa, au moto na tindikali vilivyo mikononi mwa mtu anayevijua.

## Dalili: fedha au shaba ya njano imegeuka ya waridi

Mshtuko huu huja baada ya kusafisha. Kwa pambo la fedha, uwezekano wa kwanza ni kwamba lilikuwa limechovywa tu, na kusugua kumefichua shaba iliyo chini. Ukaguzi ni rahisi: uwaridi utakuwa kwenye kingo na miinuko pekee. Hakuna dawa ya nyumbani hapa. Ni kuchovya upya au kulikubali lilivyo.

Uwezekano wa pili huwapata wanaoloweka mapambo ya metali tofauti katika bakuli moja la siki au limau. Tindikali huyeyusha shaba kidogo kutoka kwenye kipande kimoja, na kama ndani ya bakuli kuna chuma chochote, iwe kibano, waya au sufu ya chuma, shaba ile hutoka kwenye maji na kutua juu ya fedha, ambayo hutoka ikiwa na rangi ya waridi kila upande, hata kwenye mabonde. Utando huo ni mwembamba sana na kwa kawaida huondoka kwa kitambaa cha kung'arishia. Usitumie tena maji hayo.

Kwa shaba ya njano, ambayo ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, uwaridi hutokana na kulowekwa kwa muda mrefu kwenye tindikali: zinki hutangulia kutoka na kuiacha shaba nyekundu usoni. Uwaridi mwepesi hung'arishwa ukaisha. Ukiwa umeingia ndani, na metali ikaonekana yenye vitundu au ikawa rahisi kuvunjika, pambo limedhoofika na sonara ndiye wa kusema kama linavalika.

## Dalili: ngozi imepakwa kijani au nyeusi

Kijani ni chumvi za shaba. Jasho lina chumvi na tindikali kidogo, na vikikutana na shaba nyekundu, shaba ya njano, fedha ya 925 au dhahabu ya karati za chini, shaba iliyomo hujibu. Rangi hiyo huoshwa kwa sabuni na kwa watu wengi haina madhara. Kwanza chunguza kama unavaa pete wakati wa kunawa, kwa maana maji ya sabuni yaliyonaswa chini yake huchochea jambo hilo kuliko kitu kingine chochote. Kisha safisha upande wa ndani. Kwa shaba tupu isiyo na vijiwe wala sehemu za metali nyingine, futa kwa kitambaa chenye limau na chumvi kidogo, suuza mara moja, chovya kwenye maji yenye soda ya kuokea ili kuiua tindikali iliyobaki, suuza tena na ukaushe. Tindikali iliyoachwa kwenye kona itaota kijani upya kabla ya wiki kuisha. Tatizo likirudi, paka upande wa ndani tabaka jembamba la vanishi angavu, ukijua kwamba litachakaa na kuhitaji kurudiwa.

Weusi una visababishi vingine. Vipodozi vya unga na baadhi ya mafuta ya kujikinga na jua vina chembe ngumu za madini zinazokwangua metali, na vumbi la metali lililo laini sana huonekana jeusi, hata likiwa la dhahabu. Jaribu kuvaa pambo siku moja bila vipodozi mahali hapo. Weusi ukikosekana, umepata jibu. Alumini nayo huacha alama ya kijivu iliyoiva kwenye ngozi yenye jasho, na hiyo huisha kwa kuifuta mara kwa mara.

## Dalili: ngozi inawasha, ina vipele au malengelenge

Tenganisha hili na rangi ya kijani, kwa sababu mtu anaweza kupata moja bila lingine. Kwa pete, kisababishi cha kawaida ni unyevu na sabuni vilivyonaswa chini yake. Vua, kausha ngozi, safisha pete, na uipumzishe hadi ngozi ipone. Muwasho ukirudi siku moja au mbili baada ya kuvaa tena, na ukawa umechora umbo la pambo hasa, shuku mzio wa nikeli.

Nikeli hujificha kwenye vifungo, waya wa hereni, metali zilizochovywa na baadhi ya dhahabu nyeupe. Pambo zima linaweza kuwa fedha safi huku ndoano yake tu ikiwa na nikeli, na kwa pambo la mkono hili ni la kawaida kwa sababu fundi hununua ndoano zikiwa tayari. Kuna dawa ya kupimia inayouzwa kwa matone: hutiwa kwenye pamba, pamba ikasuguliwa kwenye metali, na ikigeuka ya waridi nikeli inatoka. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha mikrogramu 0.5 za nikeli kwa kila sentimita mraba kwa wiki kwa vitu vinavyogusa ngozi muda mrefu, na 0.2 kwa vile vinavyopita kwenye tundu la mwili. Kwa hiyo muulize muuzaji kama bidhaa yake inafuata kiwango hicho. Tiba ya kudumu ni kubadilisha ndoano au kifungo kwa titani, niobi, au dhahabu ya karati za juu isiyo na nikeli. Kupaka rangi ya kucha ni kinga ya muda tu na siitegemei kwa hereni.

Acha matengenezo na umwone daktari ikiwa tundu la sikio au pua linatoa usaha, limevimba na kuwa la moto, wekundu unasambaa, au una homa. Hayo ni matatizo ya mwili, na kusafisha metali hakutayaondoa.

## Dalili: kutu ya kijani au shimo mahali metali mbili zinapokutana

Dalili hii ni ya mapambo ya mchanganyiko hasa, na ndiyo ninayoomba isomwe kwa utulivu. Metali mbili tofauti zikigusana na kukawa na majimaji yenye chumvi kati yake, jasho likiwa mojawapo, hufanya kazi kama betri ndogo: metali iliyo dhaifu zaidi huliwa ili ile imara isalimike. Fedha ikiunganishwa na shaba, inayoliwa ni shaba. Shaba ikiunganishwa na chuma au alumini, huliwa chuma au alumini. Ndiyo maana kipete kidogo cha chuma kilichobeba kishaufu kikubwa cha shaba huoza haraka, kwa sababu kipande kidogo kinabeba mzigo wa kipande kikubwa.

Chukua kioo cha kukuzia na utazame maungio. Kwenye bangili ya fedha iliyozungushiwa waya wa shaba, kwa mfano, utaona uzi mwembamba wa kijani umelala hasa pale waya unapoigusa fedha, wakati mgongo wa waya ni kahawia safi. Mstari huo ndio unaoonyesha majimaji yanakokaa. Kisababishi cha kwanza, basi, ni jasho na unyevu visivyokaushwa. Cha pili ni mabaki ya losheni au ya dawa ya kung'arishia yaliyoganda kwenye upenyo. Cha tatu ni masalia ya tindikali au ya dawa ya kulehemia ambayo hayakusuuzwa vizuri karakanani, na huyatambua kwa sababu kijani huanza mapema, hata pambo likiwa halijavaliwa sana.

Toa kijani kikavu kwa kijiti cha mbao kilichochongwa, bila kutumia sindano ya chuma ambayo hukwaruza. Osha kwa sabuni na mswaki laini, kisha kwa maji yenye soda ya kuokea kidogo, suuza kwa maji safi, na ukaushe kwa kitambaa kwanza na kwa upepo wa feni au mashine ya kukaushia nywele isiyo na joto kali baadaye, kwa muda wa kutosha maji yaliyo ndani ya upenyo kutoka. Kama hakuna kijiwe chenye matundu, paka nta kidogo kwenye kiungo na uifute. Nta huziba njia ya jasho. Baada ya hapo, tabia ya kuvua pambo wakati wa mazoezi na kulifuta kabla ya kulihifadhi hufanya kazi kubwa kuliko usafi wa mara moja.

Kama kijani ni hafifu, cha unga, na kinarudi mahali palepale kila baada ya siku chache hata pambo likiwa halijavaliwa, chumvi za kloridi zimeingia ndani ya metali. Usiendelee kukwangua, hasa kama pambo ni la kale au la urithi. Anayehitajika hapa ni mtaalamu wa uhifadhi wa vitu vya kale au sonara mwenye uzoefu wa kazi hiyo. Vilevile acha ikiwa metali iliyo kwenye kiungo imekuwa nyembamba, ina shimo, au inapinda unapoigusa.

Kutu nyekundu nayo inatokana na chuma, mara nyingi waya wa chuma unaotumiwa kwa bangili za kuzunguka au springi ya kifungo. Sugua kwa mafuta mepesi na kitambaa, na kama kutu imechimba, badilisha kipande hicho. Hakirudi kuwa salama.

## Dalili: dhahabu imechujuka, imepata madoa au imekuwa nyeupe

Ukiona rangi imetoka kwenye kingo tu, pambo limechovywa na tabaka limeisha. Tabaka hilo hupimwa kwa mikroni, yaani sehemu za 1,000 za milimita, kwa hiyo kila usugaji hulipunguza. Osha kwa sabuni na kitambaa laini pekee, usilipitishie kitambaa chenye dawa, na likiisha lipeleke likachovywe upya.

Dhahabu iliyofifia bila kubadilika rangi ina utando wa mafuta na sabuni, na osho la kawaida huurudisha mng'aro. Madoa ya kahawia kwenye dhahabu ya karati 9 au 14 ni ya fedha na shaba zilizochanganywa humo, na hutoka kwa kitambaa cha kung'arishia.

Klorini ya mabwawa ya kuogelea ni jambo zito zaidi. Huishambulia dhahabu iliyochanganywa na metali nyingine na kusababisha nyufa, hasa kwenye meno membamba yanayoshika kijiwe, na mwenye pete hajui mpaka jino linapokatika. Ikiwa umekuwa ukiogelea na pete ya namna hiyo, mpe sonara aikague kabla ya kuivaa tena.

Onyo. Madoa meupe yanayong'aa kama kioo yanaweza kuwa ya zebaki, kwa mfano baada ya kipimajoto kuvunjika. Zebaki hujichanganya na dhahabu. Usisugue wala usipashe moto, kwa kuwa mvuke wake ni sumu. Lifunge pambo ndani ya mfuko uliobana na umweleze sonara hivyo kabla hajalifungua.

## Dalili: kiungo kinafunguka, ndoano inakatika, kifungo hakishiki

Mara nyingi kosa liko kwenye vipete vidogo vya kuunganishia, ambavyo vilifunguliwa kwa kutanuliwa. Kipete hufunguliwa kwa kukipindisha kando: shika kila upande wa mkato kwa koleo ndogo yenye midomo laini isiyo na meno, sukuma mkono mmoja mbele na uvute mwingine nyuma, bila kuitanua duara. Kukifunga, rudisha kwa njia ileile na upite kidogo, kisha urudi, hadi ncha mbili zisikike zikikwaruzana. Pitisha uzi mwembamba juu ya mkato. Ukinasa, bado kuna nafasi, na mkufu mwembamba utapita hapo siku moja bila wewe kujua.

Kama kipete kimefungwa vizuri na bado kinafunguka, waya ni mwembamba au ni laini kuliko uzito unaoubeba. Badilisha kwa waya mnene zaidi, au uombe kilehemiwe. Ndoano za hereni hukatika kwa kisababishi tofauti: metali ikikunjwa na kunyooshwa mara kwa mara hukakamaa, ikapata ufa usioonekana, ikakatika. Usinyooshe ndoano ileile mara nyingi. Nunua au tengeneza mpya, ukiilainisha ncha yake kwa tupa nyembamba mpaka isikwaruze ngozi.

Usijaribu kulehemu mwenyewe kwa lehemu laini ya bati au ya risasi kwenye pambo la fedha au dhahabu. Inashika kirahisi, lakini sonara atakapolipasha moto siku nyingine, risasi na bati vitaingia ndani ya metali na kuitoboa. Kama pambo liliwahi kutengenezwa hivyo, na utaitambua lehemu hiyo kwa ukijivu na ulaini wake, mwambie sonara waziwazi kabla hajawasha moto. Na kamwe usishikilie mkufu kwenye mashine ya kung'arishia inayozunguka. Hunasa na kuvuta vidole.

## Dalili: kijiwe kinacheza au kimetoka

Lishikilie pambo karibu na sikio na uligonge taratibu kwa ukucha. Mlio wa kugongana unaashiria kijiwe kimelegea. Vua mara moja. Meno yaliyochakaa au kunaswa na nguo ndiyo kisababishi cha kwanza, kikifuatiwa na gundi iliyozeeka au kulainishwa na maji ya moto na asetoni. Kijiwe kilichokuwa cha gundi, na kisicho cha thamani kubwa, unaweza kukirudisha: kwangua gundi kuukuu kwa kijiti, safisha pande zote mbili kwa spiriti ikiwa kijiwe kinaivumilia, tumia epoksi kidogo, na uache ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye kifungashio. Gundi ya papo kwa papo siishauri, kwa kuwa ikikauka haivumilii mshtuko na huacha ukungu mweupe pembeni.

Usisukume meno kwa koleo nyumbani. Jino lililokwisha kukakamaa hukatika, na shinikizo likiteleza huupasua hata zumaridi. Mashine za kusafishia kwa mawimbi ya sauti pia hazifai kwa zumaridi, opali, lulu, feruzi na kijiwe chochote kilichogundishwa.

## Dalili: mkufu umejifunga mafundo

Laza juu ya karatasi laini, tia tone la mafuta mepesi kwenye fundo, lilegeze kwa sindano mbili kutoka katikati kwenda nje, kisha uoshe mafuta. Mkufu wenye lulu zilizofungwa kwa uzi usitiwe mafuta. Pingili ikianza kupinda, acha.

## Dalili: pete imekwama kidoleni

Inua mkono juu ya usawa wa moyo kwa dakika kadhaa, uweke kwenye maji ya baridi, kisha upake sabuni au mafuta na uzungushe pete ukiisogeza kidogo kidogo, kwa sababu kuivuta moja kwa moja hukusanya ngozi mbele yake na kuongeza uvimbe. Ikishindikana, pitisha ncha ya uzi wa kusafishia meno chini ya pete, zungusha sehemu ndefu kwa kubana kuelekea ukucha mpaka uvuke kifundo, kisha ufungue uzi kuanzia upande wa pete ili uisukume mbele.

Nenda hospitali bila kusubiri ikiwa kidole kimekuwa cha bluu au cheupe, kimekufa ganzi, kina maumivu makali, au kimejeruhiwa. Mweleze mhudumu pete ni ya metali gani: dhahabu, fedha na shaba hukatwa kwa urahisi, chuma na titani huhitaji kifaa kigumu zaidi, na pete za tangsteni kabaidi huvunjwa kwa kubanwa. Kama hali inaruhusu, omba ikatwe mbali na kijiwe na mbali na mahali metali mbili zilipounganishwa, kisha uhifadhi vipande vyote, kwa kuwa sonara anaweza kuiunganisha pete upya. Apime kidole baada ya uvimbe kuisha kabisa.